Fadhila za Mkutano wa Mbali

Katika mambo yanayolaumiwa bila haki na wahandisi wa Afrika ya Mashariki, sijui lililodhulumiwa kuliko desturi ya jumuiya za kitaalamu za ulimwengu kufanyia mikutano yao mahali ambapo sisi hatufiki. Nami, kwa kuwa nimeneemeka kwa desturi hiyo miaka mingi, naona ni wajibu wangu kuitolea ushahidi.

Mfano wake bora ni IETF, jumuiya iandikayo kanuni ambazo kwazo kompyuta za dunia husemezana. Ilianza San Diego, Januari 1986, watu 21 chumbani. Leo hukutana mara tatu kwa mwaka katika kumbi kubwa. Haipigi kura. Kwa desturi yake ya kale, jambo likibishaniwa, mwenyekiti huwataka waliohudhuria wavume kooni, midomo wameifumba, kama nyuki mzingani, naye hupima kwa sikio rai zao zaelekea wapi. Mvumo wa mtu aliyekaa Buguruni ya Dar es Salaam, kwa bahati mbaya, hausikiki Vienna.

Fadhila kuu ya mkutano wa mbali ni kwamba humfundisha mtu muhasaba. Wahenga na mashekhe wametuusia tangu zamani tujihesabu kabla hatujahesabiwa, nasi kwa uvivu tukaahirisha. Lakini pindi itangazwapo kwamba mkutano ujao utakuwa katika mji fulani wa Ulaya, mcha Mungu na asi hukaa mezani usiku uleule wakaanza kukusanya ithibati za maisha yao. Taarifa ya benki ya miezi sita, kila ukurasa na muhuri wake. Barua ya mwajiri iapayo kwamba mimi ni mtu wa maana kiasi cha kutumwa, lakini si wa maana kiasi cha kutamaniwa huko nikabaki. Hati ya kiwanja. Cheti cha ndoa, ambacho mke wangu alikitoa sandukuni akaniuliza kwa upole kama ubalozi una shaka naye au una shaka nami. Picha ambayo nilikatazwa kutabasamu, na wallahi sikutabasamu. Nilipokwisha kuzipanga karatasi hizo nilijifahamu kuliko nilivyopata kujifahamu katika umri wangu wote: nina thamani gani, nimeoa lini, ardhi yangu ya Kibaha ina mita ngapi za mraba, na jioni ya siku gani nilimpelekea shemeji yangu fedha za matanga. Ni mwanafalsafa gani aliyepata kumpa mwanafunzi wake elimu ya nafsi kamili namna hii kwa ada ya yuro 90, zisizorudishwa?

Fadhila nyingine ni ndogo ndogo. Mkutano wa mbali hutunza afya, maana asiyesafiri hapati mafua ya ndege. Hupunguza foleni ya chai. Tena humzoesha mtu aufuatiaye kwa intaneti kisimamo cha usiku, kwani mkutano ukiwa San Francisco wakati wa baridi, saa tatu ya asubuhi yao ni saa mbili ya usiku wetu, na kikao cha mwisho hufungwa jogoo wa Buguruni wamekwisha kuwika.

Lakini niseme kweli. Safari ya mwisho, jibu la ubalozi lilinifikia mkutano umekwisha kufungwa, wahudhuriaji wamo ndegeni wanarudi makwao. Halikuwa ndiyo, wala halikuwa hapana. Walitaka niwaletee taarifa mpya ya benki, kwa kuwa ile niliyoileta ilikuwa imechakaa, na imechakaa mikononi mwao! Hili halichekeshi hata kidogo.

Hata hivyo karani wa ubalozi hakuuchagua mji. Waliouchagua wanazo kanuni, nazo zimeandikwa kwa ufasaha: waraka namba 8718 wa mwaka 2020 wataka intaneti isiyochujwa, wataka vyumba, wataka hata vishoroba na baa na migahawa ambamo watu watakaa wawili watatu kusuluhisha hitilafu zao, na habari ya viza haukuisahau. Ndugu yake, namba 8719, umeweka zamu: Amerika ya Kaskazini moja, Ulaya moja, Asia moja, na kando ya hizo kinyota kidogo, kuashiria kwamba pengine, kwa majaribio, mkutano waweza kwenda kwingineko. Sisi tumo ndani ya kinyota kile. Buenos Aires walikwenda 2016. Mkutano mkuu haujapata kufanywa Afrika. Hoja yao ni kwamba mkutano hufuata waliko wafanyao kazi, ilhali wafanyao kazi huongezeka uendako mkutano, maana ni katika vishoroba vile ndimo mtu ajulikanapo, akakabidhiwa waraka auhariri, akarudi kwao ana jina. Duara limefungika, na hapana mmoja mwenye lawama.

Wala isisemwe kwamba hatuna pa kuwaketisha. ICANN, wasimamizi wa majina ya intaneti, walikutana Nairobi Machi 2010 na Kigali Juni 2024, wakabishana wapendavyo. Nyaya za baharini zilifika Mombasa na Dar es Salaam 2009. Na Rwanda, tangu 2018, humpa viza mgeni wa nchi yoyote ya dunia afikapo uwanja wa ndege, wala haimwulizi ameoa lini.