Sifa za Sailensa Iliyotoboka

Watu wa Korogwe na Handeni tumesifu mengi: machungwa, mkonge enzi zake, iliki, mahindi ya mwaka wenye mvua. Sijamwona bado aliyekaa kitako akaisifu sailensa iliyotoboka, ingawa ndiyo inayotuamsha kabla ya jogoo, na ndiyo inayotuaga usiku shughuli ya rusharoho ikishaisha. Uungwana unataka mwenye hisani akumbukwe, basi leo namkumbuka.

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Starlet, zile za mwisho mwisho kabla nafasi yao haijachukuliwa na Vitz mwaka 1999. Injini ya lita 1.3, milango mitano, na nyuma halina buti la kujitegemea. Ukiinua mlango wa nyuma unakuta abiria na gunia la mahindi wanaishi chumba kimoja bila hata pazia. Kwenye gari lenye buti lake, kelele ya tairi za nyuma hukutana kwanza na bati, kiti na kapeti, ikafika mbele imechoka. Kwenye Starlet haina wa kuizuia. Jeki iliyolegea, mngurumo wa beringi, kokoto zinazopiga madigadi kwa ndani, vyote vinamfikia abiria kisogoni vikiwa vibichi.

Juu ya hivyo vyote kuna ekzosi. Injini ya pistoni nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa moshi kwa vishindo 100 kila sekunde. Sailensa ni jela ya vishindo hivyo. Ndani yake mna vyumba na mabomba yenye matundu, mawimbi ya sauti yanarudishana nyuma, yanagongana, yanauana yenyewe kwa yenyewe, na kinachotoka nje ni mnong'ono. Kutu ikila tundu la ukubwa wa shilingi upande wa chini, wafungwa wote wanatoka. Mimi niko upande wa wafungwa.

Tuanze na ukweli, maana ndiyo sifa adimu zaidi. Kwenye dashibodi ya gari la umri huu geji ya mafuta imelala, ya joto imekata tamaa, na mshale wa spidi unacheza unavyojisikia. Kelele haidanganyi. Kwenye 50 dashibodi inatetemeka. Kwenye 60 kioo cha ndani kinaitikia. Kwenye 70 unaingia ubao wa nyuma kwa sauti ya tatu, na ukikaribia 80 abiria wa kiti cha nyuma anaanza kutoa shahada. Katika zile kilomita 65 za lami kati ya Korogwe na Handeni, wenye magari laini hukanyaga breki ghafla wakihofia tochi ya trafiki vichakani. Sisi tunapita Sindeni na Misima kwa adabu, kwa sababu adabu yetu imefungwa kwa boliti chini ya gari.

Halafu kuna amani ya mtaa. Mwenye Starlet hawezi kumwambia mkewe kwenye simu kwamba bado yuko Segera wakati majirani wameshamsikia akikata kona ya Chanika. Hawezi kupita kimyakimya mbele ya duka anakodaiwa. Mwenye duka anatoka na daftari kabla gari halijatokea. Mwizi naye halimfai. Akiliwasha usiku, mtaa mzima unajua ni gari la nani, na unajua pia kwamba aliyeliwasha si mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe huanza kwa kulisihi. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sawa, lakini mwenye Starlet hatafuti nyama, anatafuta kufika.

Ndani ya gari masengenyo hayana nafasi. Mahasimu wawili wa siasa wakipandia Manundu watashuka Handeni wakiwa marafiki, kila mmoja akiamini amemshawishi mwenzake, maana njia nzima alimwona akitikisa kichwa kwa kukubali. Kichwa kilikuwa kinatikiswa na maunti za injini.

Wapo watakaosema huu ni uchafuzi wa mazingira, na ni kweli kwamba tangu mwaka 2015 nchi ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo. Najibu kwa heshima zote kwamba gari kuukuu linapoingia bandarini hutozwa ushuru wa uchakavu. Uchakavu ukishalipiwa na stakabadhi ikatolewa, sauti yake ni mali halali ya mlipaji.

Historia nayo inatutetea. Huko Marekani, ndugu wawili wa ukoo wa Reeves, wa jimbo la Indiana, walipata hataza ya sailensa mwaka 1897, lakini aliyekifanya kimya kuwa biashara ni Hiram Percy Maxim. Baba yake, Hiram Maxim, ndiye aliyebuni mwaka 1884 lile bombomu lenye jina lake, ambalo Wajerumani walikuja nalo huku kwetu kutufundisha utii. Baba alizeeka akiwa kiziwi kwa milio ya bunduki zake. Mtoto, mwaka 1909, akapata hataza ya kifaa cha kunyamazisha bunduki, kisha maarifa yaleyale yakahamia kwenye injini. Nauliza tu: ukoo uliotuletea mshindo ule ndio leo utupangie kiasi cha kupiga kelele?

Watu wa Handeni wana sababu yao ya pekee ya kuiheshimu ekzosi. Petroli ikiungua huzaa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, yakitoka kama mvuke. Bomba likiwa bado la baridi, mvuke hugeuka matone, yakatuama ndani ya sailensa, yakachanganyika na tindikali ya moshi na kulila bati kuanzia ndani. Ndiyo maana gari la safari fupi fupi, nyumbani kwenda sokoni na kurudi, hutoboka mapema kuliko gari la safari ndefu, ambalo bomba lake hupata moto wa kutosha kujikausha. Sasa tafakari. Katika mji ambao bomba la HTM, lililojengwa miaka ya 1970 kuleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, limewazoeza watu kupanga ndoo na kusubiri, bomba la Starlet linadondosha maji kila asubuhi bila mgawo wala bili. Hayanyweki, lakini na mabomba mengine yameshawahi kusemwa hivyo.

Kuna waliotaka kuiongezea sauti nguvu, na wakalipwa juu yake. Hao ni waliouza masega ya ekzosi. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani yanayosafisha moshi, na mnunuzi wake huja na ahadi kwamba yakishatolewa gari litapumua. Linapumua kweli. Linapumulia Korogwe, linasikika Mombo.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliasi. Alitaka utulivu. Akalipeleka Starlet lake gereji alfajiri, injini ikiwa haijapata moto, na fundi, kijana mwenye sikio la ajabu, akaliwasha, akauziba mdomo wa ekzosi kwa tambara kwa sekunde chache, akainama kusikiliza panapofoka. Palifoka mahali patatu: kwenye gasketi ya manifodi, kwenye fleksibo, na tumboni mwa sailensa penye viraka juu ya viraka. "Mwalimu," akamwambia, "hapa hakuna tena bati la kuchomelea. Nikiweka moto linakimbia." Ikanunuliwa sailensa ya mtumba. Zikabadilishwa raba zinazoning'iniza bomba, kwa sababu raba ikikatika bomba hugonga sakafu kila penye tuta. Bati la kuzuia joto likakazwa kwa klipu. Mwalimu akaondoka na gari linalonong'ona.

Hapo ndipo taabu zake zilipoanza, maana sauti kubwa ilikuwa ikizifunika ndogo. Kesho yake akasikia beringi ya gurudumu la nyuma. Akabadilisha, akasikia bushi. Bushi zikapona, zikajitokeza maunti, zile raba zinazobeba injini, zilizokauka kwa umri mpaka zikawa zinapeleka mtetemo wote kwenye bodi kila gari linaposimama. Akabadilisha. Akasikia upepo milangoni: raba zimebonyea, mwanga wa jua unapenya. Akaweka mpya. Akatandika vipande vya tyubu ya lori chini ya kapeti na kujaza godoro kuzunguka mlango wa nyuma. Fundi alimkanya kuhusu godoro, na hapa nitasema jambo moja la maana hata kama linaniharibia hoja: godoro hupunguza mwangwi tu, mngurumo halizuii. Mngurumo unataka kitu kizito kilichogandamana na bati, ndiyo sababu viwandani hubandika mikeka ya lami sakafuni. Godoro likinywa maji ya masika hukaa nayo, na kutu inapata makao mapya.

Hata hivyo gari lilitulia. Wazee wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mwalimu aliukuta mshindo wenyewe kwenye bei ya spea. Na hakuishia hapo. Siku moja, wakiwa njiani kuelekea Kabuku, akamsikia mkewe akimwelekeza njia ya mkato. Akakata kona. Mama wa watu akageuka, akamtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe unasikia, baba watoto?"

Tangu siku hiyo mwalimu hana kisingizio, na mimi akinipita barabarani naona namna anavyolitazama gari langu.

Wazungu, ambao ndio waliotuambukiza tamaa ya kimya, wameanza kurudi nyuma. Magari yao ya umeme yalipokuwa hayasikiki, wakaona hatari kwa vipofu na kwa yeyote avukaye njia. Umoja wa Ulaya ukaagiza: kuanzia Julai 2019 kila aina mpya ya gari la umeme, na kuanzia Julai 2021 kila gari jipya la umeme, lazima litoe sauti linapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa, na likifika kilomita 20 sauti hiyo isipungue desibeli 56. Wahandisi wameajiriwa kuitunga sauti hiyo, na spika zimefungwa mbele ya magari kuitoa. Sisi kazi hiyo tunafanyiwa na kutu, haina mshahara wala likizo, na mbuzi wa Misima hajawahi kulalamika kwamba hakutusikia tukija.

Sifa iliyobaki siwezi kuitoa kwa mzaha. Panapopenya kelele ndipo panapopenya moshi, na ndani ya moshi mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoanza na kuumwa kichwa na kusinzia na inayoweza kumaliza na mazishi. Tundu likiwa mbele, chini ya miguu ya dereva, hewa hiyo hupandia kwenye sakafu iliyooza. Na wale tunaosafiri na mlango wa nyuma umefungwa nusu kwa kamba kwa sababu ya magunia tujue kwamba upepo unaozunguka nyuma ya gari huuvuta moshi wa ekzosi na kuuingiza ndani, walipolala watoto. Kelele ndiyo inayokupa habari za tundu hilo. Anayetandika makapeti na magodoro ili asiisikie, tundu likiwa palepale, amejinyima habari tu. Moshi anaovuta ni uleule. Basi tundu lichomelewe, au sailensa ibadilishwe, na mpaka siku hiyo vioo vishushwe na mlango wa nyuma ufungwe sawasawa. Hata mimi msifiaji nitampelekea fundi.

Ila bati la kuzuia joto, lile lililolegea, asiliguse. Ndilo linalonijulisha kwamba injini imewaka.