Mawe Ndani ya Ndoo ya Unga

Ilikuwa Septemba, na huku kwetu mvua za vuli husubiriwa Oktoba. Kwa hiyo nilianika dagaa bila wasiwasi, juu ya jabali nyuma ya nyumba, maana sisi wa Igogo, hapa Mwanza, miamba tunayo kuliko uwanja. Saa tisa alasiri upepo ukageuka, ziwa likawa jeusi, na kabla sijazikusanya hata beseni mbili, bati likalia paa! Likalia tena. Kisha likawa halinyamazi.

"Mvua ya mawe!" Mwanangu wa pili tayari alikuwa mlangoni.

Mama mkwe alimkamata shati, akamrudisha ndani. Yeye ni mtu wa upande wa Kahama. Usiku mmoja wa Machi 2015 mawe yaliangukia kijiji cha Mwakata, wilayani humo, yakabomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 35. Tangu hapo, mama akisikia bati linapigwa namna ile, hahesabu mtoto yupi ni wa nani, anawakusanya wote. Siku hiyo alitusukuma chini ya meza, mimi nikiwemo, pamoja na mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Tukabanana humo, tukipiga kelele ili tusikilizane.

Ilipokwisha tulisikia mifereji tu. Mama alitoka wa kwanza, kanga kichwani, akaangalia juu, akaokota jiwe moja, akalitia mdomoni.

"Haya, tokeni," akasema.

Jamani, uwanja ulikuwa mweupe! Jabali jeupe, ngazi za mawe nyeupe, mpaka nyumba za mlimani juu yetu. Kitinda mimba wangu, ambaye theluji ameiona kwenye picha ya Kilimanjaro tu, alisimama miguu peku akilia kwa baridi na kucheka papo hapo. "Bibi, theluji!" Sikumlaumu. Septemba 2008, karibu na Nyahururu huko Kenya, mawe yaligandamana yakafunika mteremko mzima, na watu wazima wakasherehekea wakidhani ni theluji. Lakini Kilimanjaro ina mita 5,895. Sisi hapa ufukweni tuko kwenye 1,134. Dada yake mkubwa alimwelimisha kwa kisu cha jikoni: alipasua jiwe kubwa katikati, akamwonyesha duara ndani ya duara, kama kitunguu. Tone huganda juu mawinguni, upepo unalirusha huko na huko, nalo linazidi kujivika barafu mpaka hewa inashindwa kulibeba.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na jagi la juisi ya ukwaju lilikuwa vuguvugu. Tuliosha mawe, tukayamimina humo. Sijawahi kunywa ukwaju mtamu kama ule. Jirani alikuja na kikombe chake, akafuatwa na wengine, na nusu saa nzima hakuna aliyekumbuka kudeki.

Dagaa walikuwa wamesombwa hadi chini ya jabali. Tuliwaokota kwenye barafu mmoja mmoja, vidole vikifa ganzi, mama akisema leo dagaa nao wamegandishwa kama sangara wa kiwandani.

Jioni nikabandika maji ya ugali, nikafungua ndoo ya unga. Nusu yake ilikuwa tope baridi.

Nyumba nzima ilinyamaza. Kitinda mimba akasogea nyuma ya bibi yake.

"Nimemwekea baba," akasema. "Ndoo hiyo ina mfuniko."

Baba yao alikuwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba tangu alfajiri, na katika furaha yetu yote hakuna mwingine aliyemfikiria. Hasira ikaniishia kooni. Mama alichukua mwiko, akachota unga mkavu wa pembeni kwa ajili ya ugali, ule wa tope akaukorogea uji. Katikati ya bonge moja tulikuta punje ya barafu, ndogo kama harage. Mtoto aliitia kwenye glasi, akakaa nayo barazani.

Baba yao alifika saa tatu usiku. Ndani ya glasi mlikuwa na maji ya kijiko kimoja, yenye weupe wa unga. Aliyanywa yote, akachuchumaa.

"Lilikuwa kubwa kiasi gani, mwanangu?"

Mtoto akaunganisha ngumi zake mbili, akamwonyesha.