Njia Tano za Kukisia Uzito wa Kundi la Galaksi, Kuanzia ya Mkiani

Kundi la galaksi halipandi mzani. Kinachotufikia ni mwanga, basi. (Mwalimu wa fizikia, usinikate maksi: najua ni tungamo, si uzito.)

5. Jumlisha mwanga, kisha zidisha
Unakusanya mwanga wa galaksi zote, unakisia kila kiasi cha mwanga kinatoka kwenye tungamo gani, unapiga hesabu. Ni sawa na kukadiria utajiri wa jirani kwa kuhesabu taa zinazowaka kwake usiku. Nyota kubwa za buluu ni chache ila zina makelele. Zile ndogo nyekundu, ambazo ndizo nyingi, zimejinyamazia. Na hata ukizipata zote, nyota ni asilimia chache tu ya kundi zima. Mkiani, na rufaa hakuna.

4. Hesabu vichwa
Mwaka 1958 George Abell alichapisha orodha ya makundi 2,712 aliyoyasaka kwenye picha za Palomar, California, akayapanga madaraja kwa wingi wa galaksi. Harusi yenye watu wengi ndiyo harusi kubwa, siyo? Tatizo ni wazamiaji: galaksi iliyo mbele au nyuma kabisa ya kundi nayo inaonekana mwalikwa. Siku hizi kompyuta hukagua sare. Galaksi kongwe za kundi moja huwa na wekundu unaofanana, kama shangazi walioshona kitenge kimoja.

3. Pima mbio zao
Fritz Zwicky, Mswisi mwenye ulimi mkali, alitazama Kundi la Koma mwaka 1933. Rangi za mwanga zilimwonyesha kasi za galaksi zikipishana kwa kilomita 1,000 hivi kwa sekunde. Kwa nyota zinazoonekana tu, kundi lingeshasambaratika zamani. Akakadiria tungamo mara 400 ya lile linalong'aa. Hesabu ilivimba, maana umbali wa galaksi ulikosewa enzi zile, lakini hoja ya maada ya giza, yaani ile isiyotoa mwanga, haikutikisika. Wenzake wakaipuuza kwa miongo.

2. Eksirei
Moyo wangu ungeipa namba moja, kwa upendeleo wa wazi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru. Ndiyo iliyofungua njia ya kubaini kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi ya mamilioni ya nyuzi joto, inayotoa eksirei na kuzizidi nyota zote kwa tungamo mara kadhaa. Sufuria likitokota na mfuniko haurushwi, ujue mfuniko, yaani mvutano wa kundi unaoizuia gesi, ni mzito. Ila makundi mawili yakiwa yametoka kugongana, gesi bado inavurugika na hesabu inakwenda kombo.

1. Lenzi ya mvutano
Kundi hupinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake. Kwenye kundi la Abell 370, la orodha ile ya namba 4, hilo lilionekana miaka ya 1980 kama tao refu. Kadiri mwanga unavyopinda ndivyo kundi lilivyo zito, gesi iwe imetulia au la. Kwa haki, njia hii imezamia orodha hii, maana mwanga wenyewe ni wa kuazima. Tena hupima kila kilichosimama njiani kati yetu na galaksi za nyuma, kwa hiyo wale wazamiaji wa namba 4 wamerudi, safari hii na mizigo yao.