Namna ya Kwenda Ng'ambo Kusomea Tope la Kilwa, Ukitokea Mikese

Kwanza, kamuage mjomba. Kwa Waluguru baba anaweza kukulipia ada mpaka chuo kikuu, lakini mwenye neno ni mjomba. Mwambie umepata nafasi ya uzamivu Cardiff, Uingereza, kuchunguza foraminifera: viumbe vya bahari vya seli moja vilivyojijengea magamba, mengi hayafiki hata milimita moja, vikafa na kuzama kwenye tope mamilioni ya miaka iliyopita. Atauliza tope lenyewe liko wapi. Usimdanganye mkubwa. Sema Kilwa.

"Mpwa wangu, kwani Kilwa hakuna basi?"

Hapo vuta kigoda. Usianze na Milima ya Uluguru mnayoitazama. Mawe yake yalipikwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, humo hupati gamba. Mteremshe na reli kuelekea mashariki hadi Kidugalo, kwenye mawe ya chokaa yanayoonyesha kwamba enzi za Jura bahari ilifika huko. (Ilijitahidi. Treni ya SGR husimama Ngerengere, kisha Morogoro; sisi wa Mikese tunaifahamu kwa upepo wake.)

Kisha ndiyo Kilwa. Miaka ya 2000, shirika la petroli la Tanzania, TPDC, na wanasayansi wa ng'ambo, akiwemo Paul Pearson wa Cardiff, walichoronga visima Kilwa na Lindi. Tope la huko ni udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji kirahisi, kwa hiyo magamba yamebaki maangavu, ilhali kwingi duniani yameota fuwele mpya na kuwa meupe. Gamba safi hutunza uwiano wa isotopu za oksijeni, na uwiano huo hueleza joto la bahari ya zamani. Visima namba 12 na 17 vilinasa wakati wenyewe, takriban miaka milioni 34 iliyopita, dunia ilipopoa na barafu kutanda Antaktika. Sasa mashine ya kupimia iko kule, tope liko huku. Mmoja lazima apande ndege. Tope litakutangulia, maana haliombwi taarifa ya benki.

Ukifika utaliloweka, utaliosha juu ya chekeche la maikroni 63, utalikausha, halafu utainamia hadubini na brashi nyembamba iliyolowa, ukiokota gamba moja moja. Aliyekulia kwenye kuchambua mchele hapati shida, ila ajizuie kupiga chafya: moja tu inapeperusha enzi nzima ya Eosini.

Nyumbani watataka picha ya theluji. Cardiff ina mvua. Ukituma picha uko kwenye hadubini watakupigia usiku kuuliza umekutwa na malaria ngapi.

Jambo la mwisho ni siri. Mwaka 2014 Pearson na mwenzake Helen Coxall walitangaza spishi mpya kutoka visima vya Tanzania, Hantkenina singanoae, kwa heshima ya Joyce Singano, mtaalamu wa visukuku hivi wa TPDC. Habari hii usimpe mjomba kabla hujapata spishi yako. Akishajua kwamba jina la mwanamke huishia na -ae na la mwanamume na -i, ataanza kuulizia hela ya kutumia jina lake inatoka lini, na kama inapitia kwa baba yako.