Niachieni Morrowind Yangu

Hongereni nyie mashabiki wa mchezo wa video wa Skyrim. Ilitoka 2011, ikarudi 2016, ikaingia kwenye kifaa cha Switch 2017, ikazinduliwa upya 2021, na kila mara mmetoa pochi bila kuulizwa. Mimi niachieni Morrowind, mchezo wangu wa 2002.

Sura haina, nakubali. Watu wake wana nyuso za mbao na hutembea kama waliobanwa na viatu. Unampiga panya kwa upanga waziwazi, kompyuta inarusha dadu kimyakimya, kisha inaamua umemkosa. Panya huyo yuko miguuni pako! Na wale cliff racer, viumbe wasumbufu wa angani, tusiwaseme. Jioni yangu isije ikaharibika.

Ila huko hakuna alama ya kukuonyesha pa kwenda. Mwenyeji anakuelekeza kwa mdomo: vuka daraja, fuata njia, pinda kaskazini. Mara nyingine anakosea, nawe unapotea, na katika kupotea unakuta kaburi ambako hakuna aliyekutuma. Ukimuua mhusika muhimu, mchezo unakuarifu kwamba uzi wa unabii umekatika, kisha unakuachia uamuzi: urudi nyuma, au uendelee na dunia uliyoiharibu mwenyewe. Kwenye Skyrim, mheshimiwa kama huyo hupiga goti, akapumua kidogo, akainuka na kuendelea na shughuli zake. Wakubwa hawafi.

Basi anayetaka kushikwa mkono aende Skyrim. Akichelewa asijali, wataiuza tena.