Kuja Tanga kwa Tanga

  

Shangazi, uliniuliza kwenye simu kama ni kweli wale wazee majirani zangu wa huku Devon wanauza gari waje Tanzania kwa chombo cha matanga. Ni kweli. Mzee ana sabini na ushei, mkewe anamfuatia kwa karibu. Pensheni inaingia, nyumba ina joto kila chumba. Nikawaambia KIA ndege zinatua kila siku. Yule mama akacheka, akaniongezea chai.

Walitualika kwenda kukiona chombo chao. Shangazi, kile chombo hakifiki urefu wa basi la Arusha–Dar! Jiko limening'inizwa kwa bawaba ili sufuria isimwagike chombo kikilala upande. Choo ni cha kupampu kwa mkono, na ukutani kuna karatasi ya maelekezo. Mke wangu aliisoma yote, akaamua kujibana mpaka nyumbani. Usiku wanalala kwa zamu za saa tatu tatu: mmoja kwenye usukani, mwenzake usingizini. Mama anasema ndiyo siri ya ndoa yao, baharini hawawi macho pamoja.

Mimi mtu wa Ziwa Duluti, nimezoea maji ambayo ng'ambo yake unaiona. Basi nikawakumbusha Paul na Rachel Chandler. Utawakumbuka, redio ziliwatangaza sana. Waingereza wastaafu, mume mhandisi, mke mchumi, waliotoka Shelisheli Oktoba 2009 na mashua yao, Lynn Rival, wakija kwetu. Ni kama kilomita 1,800, karibu mara tatu ya Arusha hadi Dar, na njia nzima hakuna hata mchoma mahindi. Tarehe 23, kabla hawajafika mbali, maharamia wa Kisomali wakawavamia. Ni msimu wenyewe huo: kusi imekwisha, kaskazi haijashika, bahari imelala, na viboti vyao ambavyo mawimbi ya kusi huvishinda vinaweza kwenda mbali. Siku 388 walikaa mateka. Maharamia walipotaka kuwatenganisha waligoma, wakapigwa. Hapo hata mimi niliacha kutania. Waliachiwa Novemba 2010, wakapitia Nairobi kurudi kwao.

Nikajua kesi nimeshinda. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaniongezea ushahidi: mashua ya akina Chandler iliokotwa na meli ya Waingereza, ikarudishwa, wakaikarabati, na mwaka 2012 hao, wakatweka tanga tena. Mashua ileile! Akasema kama mtu aliyeniunga mkono. Kwetu mtu akianguka mnazini, mnazi ule anauogopa hata mjukuu wake.

Hawa wangu wamekubali jambo moja tu: watazunguka kusini, Rasi ya Tumaini Jema, wasipite Bahari ya Shamu. Huko kusini maharamia hakuna, ila mawimbi yake yamewahi kumeza meli nzima na mabaharia wake. Halafu watasubiri kusi iwapandishe hadi Tanga. Kwa hiyo usiniulize tarehe, upepo hauna ratiba. Wakifika watapanda basi: Muheza, Korogwe, Same, Moshi, mpaka kwako Tengeru. Ukiwapikia loshoro, maziwa yasiwe makali sana siku ya kwanza.

Nikaona, kwa kuwa wanapenda mazoezi, niwapangie na Mlima Meru. Mama akafurahi, akachukua kalamu. Nikamweleza: mnaanzia geti la Momella, mnapanda na askari wa hifadhi mwenye bunduki.

"Bunduki ya nini?"

"Nyati," nikasema. "Na tembo wapo."

Wakatazamana. Mzee akaweka kikombe chini, akamshika mkewe mkono.

"Hapana, kijana. Kwa umri wetu huu, hatuwezi kuchezea hatari."