Nimeumia Kazini: Shajara ya Wiki Moja

Jumatatu
Msumeno wa umeme umenichana kidole cha shahada, mkono wa kulia. Supavaiza amekizungushia kitambaa na kunipakia kwenye gari la kiwanda. Njiani dereva amenipa maagizo: "Ukifika sema umeanguka na bodaboda." Kwenye dirisha la hospitali akawahi kusema hivyo mwenyewe. Dada wa mapokezi akauliza, "PF3 yake iko wapi?" maana majeruhi wa ajali ya barabarani huulizwa fomu hiyo ya polisi. Dereva akanyamaza. Nikasema, "Dada, nimeumia kiwandani, kwenye msumeno." Ameandika hivyo hivyo kwenye faili. Nimeshonwa, nimechomwa sindano ya pepopunda, nimepewa ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika, ya siku tano.

Jumanne
Nimepeleka ED kazini. Supavaiza ameisoma na kunirudishia. "Wewe njoo tu ukae stoo. Kazi hatukupi. Muhimu uonekane umekuja." Ubao wa getini unaohesabu siku bila ajali haujarudishwa sifuri. Mashine ya mahudhurio inasoma kidole kile kile chenye bandeji. Kila nikikiweka inawaka nyekundu, na mfumo umeniandika mtoro. Nimemwomba afisa utumishi aandike kwenye daftari kwamba nina ED. Ameandika, nami nimepiga picha ukurasa ule. Kisha nimekwenda nyumbani kupumzika kama daktari alivyoagiza.

Jumatano
Ndoo ya maji ya kuoga imenimwagikia mlangoni. Vifungo vya shati amenifunga mke wangu. Jioni mwenzangu wa idara amekuja kunipa pole. Kabla ya kuaga akasema, "Kaka, usiandikishe hiyo ajali. Tutakosa mchele." Idara ikimaliza mwezi bila ajali, kila mtu hupewa mfuko wa mchele na mafuta ya kupikia. Ana watoto wanaomtegemea, simlaumu. Namlaumu aliyepanga zawadi ile. Haijawahi kuzuia msumeno kukata, lakini imewafunga watu midomo.

Alhamisi
Nimeitwa ofisini. Mezani kuna bahasha na karatasi inayosema nimepokea pole na sina dai lingine. Kwa kuwa sishiki kalamu, meneja amenisogezea kidau cha wino nitie dole gumba la kushoto. "Tumalizane kifamilia, mdogo wangu. Mkataba wako tutautazama mwezi ujao." Nimejibu, "Bosi, nashukuru kwa pole, lakini hapa sitii dole." Wakati wa kurudi nimesimama kwenye daladala. Breki ya ghafla imenigonga bandeji kwenye kiti, damu ikatoka tena.

Ijumaa
Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi amenieleza taratibu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa 2008, na Mfuko wa fidia hiyo, WCF, unafanya kazi tangu Julai 2015. Anayechanga ni mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mishahara, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Mfuko hugharimia matibabu, na humlipa aliyezuiwa kazi na daktari asilimia 70 ya mshahara wake. Mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko. Dai lisipite miezi 12 tangu ajali.

Nikauliza: kama anayelipa ni Mfuko, mwajiri anaficha nini? Naye akaniuliza, "Kinga ya msumeno iko wapi?" Ilifunguliwa ili mbao nene zipite haraka. Taarifa ya ajali ingemleta mkaguzi, na mkaguzi angeiulizia. Wapo pia waajiri wanaotaja mishahara pungufu ili wachange kidogo. Dai moja tu huwaumbua.

Jumamosi
Mimi na katibu tumepeleka taarifa ya maandishi kiwandani. Nakala yetu imegongwa muhuri. Tumekuta kinga imeshafungwa tena kwenye msumeno, na nimefurahi kwa ajili ya kijana aliyeshika nafasi yangu. Ajali ikisemwa, anayefuata hupona.

Ndugu mfanyakazi, ukiumia kazini, sema hivyo tangu dirisha la mapokezi na hakikisha imeandikwa kwenye faili lako. Tunza nakala ya kila karatasi. Usitie saini wala dole kwenye karatasi ya kufuta madai, hata ukiahidiwa undugu. Fidia si hisani ya bosi. Ni haki yako kisheria.